Pikipiki nje ya barabara: sheria za mtaa ni kazi yetu sisi



Kazini unajua sheria. Huingii shimoni bila kaske. Hupiti chini ya mzigo unaoning'inia. Hutii mkono ndani ya masini inayozunguka. Kapita akikukuta umekosa, atakusimamisha mbele ya wenzako, na wewe mwenyewe utaona haya. Lakini zamu ikiisha unatoka getini, unavua kaske, unapanda pikipiki ya mtu usiyemjua, watu watatu juu ya kiti kimoja, na mnateremka njia ya mawe kwa kasi ambayo dereva wa gari la kampuni hangeruhusiwa hata siku moja. Mchana kichwa chako kinachungwa na kampuni. Jioni kinachungwa na nani?

Ukurasa huu umezoea kusema juu ya vumbi, baruti, ngazi na umeme. Leo unasema juu ya pikipiki, na zaidi juu ya pikipiki zinazotembea mahali pasipo barabara: mchangani kando ya ziwa, ndani ya mito wakati wa kiangazi, juu ya vijia vya kupanda milima ya Mitumba, na kwenye njia za machimbo. Maoni yetu ni haya: sheria ya nchi peke yake haitoshi kwa njia hizo. Kila mtaa, kila kijiji na kila machimbo pawe na sheria zake chache, zilizoandikwa na watu wanaopajua mahali pao, na zinazolindwa na watu hao hao.

AJALI HAINA KINGA?

Ukifika kwenye kilio cha mtu aliyekufa juu ya pikipiki utasikia wazee wakisema: «Ajali haina kinga.» Neno hilo ni la kufariji wafiwa, na kwenye kilio lina mahali pake. Lakini asubuhi, wakati wa kupanda pikipiki, ni neno la hatari, kwa sababu linatufanya tukunje mikono.

Tazama hesabu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 barabara za dunia ziliua watu karibu milioni 1 na laki 2. Kati ya watu watano waliokufa, mmoja alikuwa juu ya chombo cha mota cha magurudumu mawili au matatu. Shirika hilo hilo limewahi kueleza kwamba kaske nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Kama ajali isingekuwa na kinga, hesabu hiyo isingewezekana.

Na mwendo pia ni hesabu. Mtu anayekimbia kilomita 40 kwa saa anapita mita 11 kila sekunde. Akikimbia 60, anapita karibu mita 17. Mtoto akitoka ghafula kati ya vibanda, macho yako yanaona, akili inaamua, mkono unashika freni: sekunde moja imekwisha, na pikipiki bado haijaanza kusimama.

Wewe unayefanya kazi mahali pa juu utaelewa zaidi kwa mfano huu. Kugonga ukuta kwa mwendo wa 30 ni sawa na kuanguka toka mita 3 na nusu. Kwa mwendo wa 40 ni sawa na kuanguka toka mita 6. Kwa mwendo wa 60 ni mita 14, yaani toka juu ya jengo la ghorofa nne. Kazini hukubali kupanda mita 6 bila mkanda wa usalama. Kwa nini unakubali kurushwa mita 14 na kijana ambaye hata jina lake hulijui?

KASKE YA MACHIMBO SI KASKE YA PIKIPIKI

Wenzetu wengi wanapanda pikipiki na kaske ya kazi kichwani, wakifikiri wamejikinga. Hapana. Kaske ya machimbo imetengenezwa juu ya jiwe linaloanguka toka juu. Ndani yake kuna mikanda inayoiweka mbali kidogo na fuvu. Haikingi kisogo wala pande za kichwa, na mara nyingi haina ukanda wa kidevu. Ukianguka, inaruka upande wake na kichwa kinaenda upande wake.

Kaske ya pikipiki ina ganda gumu nje, na ndani ina povu nene lililokauka. Likigongwa, povu hilo linapondeka, na kwa kupondeka linakula nguvu ambayo ingefika kwenye ubongo. Kwa hiyo kumbuka mambo matatu. Kwanza, kaske isiyofungwa kidevuni ni sawa na kutokuwa na kaske. Pili, kaske iliyokwisha anguka ajalini imemaliza kazi yake: povu halirudi. Usiinunue sokoni hata kama imepakwa rangi mpya. Tatu, kaske moja haitoshi watu wawili. Anayekaa nyuma ana fuvu kama la anayeendesha.

Utasema: «Kaske ya motari inanuka, imevaliwa na watu mia.» Ni kweli, na ukurasa huu ni wa afya pia. Chawa na mashilingi vinapita toka kichwa hadi kichwa. Dawa yake ni ndogo: beba kitambaa safi mfukoni, kifunge kichwani, kisha vaa kaske juu yake. Mama naye anaweza kufunga kilemba chepesi. Kitambaa kinafuliwa, lakini hakuna afuaye ubongo.

SHERIA YA NCHI INAISHIA WAPI?

Nchi yetu ina sheria ya barabara. Ni sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ndiyo iliyotujengea msingi: tutembee upande wa kuume, dereva awe na permi, chombo kiwe na taa na freni, alama za barabara ziheshimiwe. Ni sheria ya maana, na anayetembea juu ya barabara ya taifa namba 5, toka Kamanyola, kupita Luvungi, Sange na Kiliba, mpaka Uvira, na kuendelea Makobola, Mboko na Baraka, hana sababu ya kusema haijui.

Lakini walioiandika hawakuweza kuandika kila kitu. Mji wa Uvira umebanwa kati ya ziwa na mlima. Upande huu maji ya Tanganyika. Upande ule Mitumba, inayopanda ghafula kama ukuta. Katikati ni kipande chembamba cha ardhi kilichojaa nyumba, masoko, na mito inayoteremka toka mlimani. Sheria ya nchi haijui siku gani mto Mulongwe unajaa. Haijui mahali ambapo mama wanaanika ndakala mchangani. Haijui kijia kipi cha kwenda Nyanda za Juu kimeliwa na mvua wiki hii. Mambo hayo anayajua mzee wa mtaa, mvuvi, motari, na wewe.

Katika nchi za baridi waliliona jambo hili zamani. Huko kuna chombo kinachoitwa pikipiki ya theluji. Hakina magurudumu: mbele kina vipande viwili virefu vinavyoteleza, nyuma kina mkanda unaozunguka kama ule wa tingatinga. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Québec katika Kanada, alitoa ile ndogo iliyopata sifa, Ski-Doo, katika mwaka 1959. Chombo hicho kilisaidia watu wa vijiji vilivyofungwa na theluji, kama pikipiki inavyotusaidia sisi. Lakini kiliua pia. Wengine waligonga miti usiku, wengine walikunywa pombe kwanza, wengine walipita juu ya ziwa lililoganda na barafu ikapasuka chini yao.

Walifanya nini? Sheria kubwa ilitoka juu, lakini miji na vijiji vilipewa nafasi ya kuamua mambo ya kwao: njia zipi zinaruhusiwa na zipi zimefungwa, mwendo gani karibu na nyumba za watu, saa ngapi kelele zikome, mtoto wa umri gani asiguse usukani. Kijiji chenye ziwa kiliandika juu ya barafu. Kijiji chenye msitu kiliandika juu ya miti. Kila mahali paliandika juu ya hatari yake. Sisi hatuna theluji, lakini tuna maji, mawe, matope na giza. Hilo ndilo somo la kuchukua.

HATARI ZA KWETU, MOJA MOJA

Maji. Usiku mmoja wa Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima, mto Mulongwe ukafurika ndani ya mji. Watu kwa makumi walikufa, nyumba kwa maelfu ziliharibika. Katika mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda mpaka nyumba za kando zikaingiwa na maji, na njia ambazo watu walizizoea zikazama. Maji yanayotiririka yana nguvu kuliko unavyofikiri: sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kusukuma gari dogo. Pikipiki ni nyepesi kuliko gari. Kama huoni mawe ya chini, usivuke. Kama mvua imenyesha mlimani, hata kama jua linawaka mjini, usiendeshe ndani ya mto uliokauka. Maji ya mlimani hayapigi hodi.

Mteremko. Wamotari wengi wakianza kuteremka wanazima mota ili kuchunga mafuta. Wanaokoa franka chache na kutupa freni yao bora, maana mota yenyewe ni freni. Teremka na gia ndogo, mota ikiwaka. Freni ya mkono na ya mguu zitumike pamoja, kidogo kidogo. Freni inayoshikwa mfululizo inapata moto, na ikipata moto inaacha kushika. Hapo hakuna maombi yatakayoisimamisha pikipiki ila jiwe au mti.

Mchanga. Siku ya Mungu vijana wanapenda kushindana mbio kandokando ya ziwa. Hatusemi vijana wasifurahi. Lakini mchanga ule ni kiwanda cha mama zetu: ndakala wanakaukia pale, nyavu zinashonwa pale, watoto wanaoga pale. Gurudumu moja likipita juu ya ndakala, kazi ya usiku mzima ya mtu mwingine imekwisha. Na giza likiingia, karibu na mdomo wa Ruzizi kiboko naye anatoka majini kutafuta majani. Kiboko hajui sheria ya 1978.

Nguo na bomba. Mama anayekaa upande, kitenge chake kinaning'inia karibu na gurudumu la nyuma na mnyororo. Kikinaswa, kinamvuta chini kabla motari hajasikia mlio. Kitenge kikunjwe na kukaliwa kabla ya kuondoka, motari mwenyewe aangalie, asione haya kusema: «Mama, kunja nguo yako kwanza, kisha twende.» Na bomba la moshi linachoma. Ni wangapi kati yetu wana kovu kwenye muundi wa mguu? Kidonda cha moto kikiingiwa na tope kinakaa miezi. Kimwagie maji safi ya baridi kwa muda mrefu, usipake dawa ya meno wala mafuta ya gari, nenda kwa munganga.

Mafuta. Hakuna mtu wa bonde la Ruzizi aliyesahau Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale kando ya barabara, mafuta yakamwagika, watu wakakaribia, moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Leo bado tunaona pikipiki yenye bidoni za mafuta pande mbili na abiria katikati, na huyo abiria anavuta sigara. Tumesoma nini?

Chombo cha magurudumu manne. Katika machimbo na katika mashirika mengine kuna kile chombo kidogo cha magurudumu manne na usukani wa pikipiki. Watu wanafikiri magurudumu manne ni usalama. Si hivyo. Kina mwili wa juu na mwembamba, kina uzito wa kilo mia mbili au tatu, na kikipinduka mlimani kinamlalia aliyekiendesha. Kile cha magurudumu matatu kilipindua watu wengi hata watengenezaji wakaacha kukiuza Marekani katika mwaka 1988. Chombo hiki kwa kawaida ni cha mtu mmoja, kwa sababu anayeendesha anatakiwa kuhamisha mwili wake huku na huku. Ukipakia mwenzako nyuma, umekifunga miguu. Na si cha kumpa mtoto achezee.

KUKATAZA SI KUPANGA

Kuna wanaosema: «Dawa ni moja, pikipiki zikatazwe.» Tazama jirani zetu ng'ambo ya mpaka. Tarehe 21 Machi 2022 serikali ya Burundi iliziondoa pikipiki, baiskeli na teksi za magurudumu matatu katikati ya mji wa Bujumbura. Ajali ndiyo ilikuwa sababu mojawapo iliyotolewa. Lakini mabasi hayakutosha, watu wakapanga mistari mirefu, na wengi wakatembea kwa miguu kwenda kazi na kurudi. Vijana waliokula kwa pikipiki walitafuta pa kwenda.

Katika miji yetu ya mashariki nako wakubwa wameamuru mara nyingi pikipiki zisitembee usiku, kwa sababu wezi na wauaji walizitumia. Sababu hiyo tunaielewa. Lakini mfanyakazi anayetoka zamu saa nne ya usiku afanye nini? Mama mwenye uchungu wa kuzaa afanye nini? Amri inayofunga mlango bila kuonyesha mlango mwingine inavunjwa kila usiku, na kila mara inapovunjwa mtu analipa franka gizani. Ndipo wananchi wanaanza kudharau hata amri zilizo nzuri.

Hapo tufike kwenye neno ambalo motari yeyote atakuambia: «Sheria ni njia ya kutafuta franka zetu tu.» Tusilifunike neno hilo. Sheria isiyoandikwa mahali pa kuonekana, na faini isiyo na karatasi, zinageuka mtego. Kwa sababu hiyo tunataka sheria za mtaa ziwe chache, ziandikwe kwa Kiswahili, zibandikwe mahali pa kupakilia abiria, na adhabu yake ijulikane na wote. Na adhabu iliyo bora si fedha. Motari aliyepakia watatu akae siku moja bila kupanga mstari na wenzake. Wenzake wenyewe wamhukumu. Hilo litamwuma kuliko faini, na halitamnenepesha mtu.

TUNAPENDEKEZA SHERIA KUMI

Hizi si amri. Ni mwanzo wa mazungumzo. Zichukue, zipeleke kwenye mtaa wako, ongeza na punguza.

1. Anayeendesha na abiria wake, kila mmoja kaske yake, imefungwa kidevuni. Asiye nayo hapandi.

2. Abiria mmoja. Usikubali maneno ya «Papa, tutaenea.» Kiti kinaenea, freni haienei. Mtoto mchanga asibebwe mbele juu ya tangi.

3. Kati ya nyumba, sokoni, mbele ya shule na hospitali: kilomita 20 kwa saa, basi.

4. Njia zilizofungwa ziandikwe kwa majina: uwanja wa kuanikia ndakala, ngazi za kuteka maji, makaburi, mashamba. Pikipiki isipite huko, mchana wala usiku.

5. Kila mto uwe na jiwe au mti uliopakwa rangi. Maji yakifika kwenye rangi, hakuna anayevuka.

6. Mteremkoni mota isizimwe. Anayepanda apewe njia na anayeteremka. Mwenye miguu apewe njia na wote.

7. Bidoni ya mafuta na abiria havipandi pikipiki moja. Chombo chochote cha mafuta kikipinduka, watu wasogee mbali, na asiwepo wa kuchota.

8. Pombe, iwe Primus iwe kasiksi, ikiingia kinywani, funguo inatoka mfukoni. Motari akimwona mwenzake amekunywa, amnyang'anye funguo. Huo si ugomvi, ni undugu.

9. Usiku hakuna kutembea bila taa mbele na nyuma, wala kuendesha mchangani.

10. Asiyefika miaka 18 asibebe abiria.

NANI AZILINDE?

Shefu wa mtaa peke yake hataweza. Polisi wa barabara peke yao hawataweza. Waite kwanza wamotari na chama chao, kwa sababu wao ndio wanaokufa mbele. Waite mama wauzaji, wavuvi, walimu, na munganga wa kituo cha afya ambaye anashona vichwa kila wiki. Sheria ambayo motari ameisaidia kuiandika ataitetea mbele ya motari mgeni. Sheria aliyoikuta ukutani ataitafutia njia ya kuikwepa.

Wafundisheni pia kumsaidia aliyeanguka. Tumezoea kumwinua kama gunia, kumketisha kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, na kukimbia naye hospitali. Kama mfupa wa shingo umevunjika, safari hiyo ndiyo inayommaliza. Zuieni magari kwanza. Kandamizeni damu kwa kitambaa safi. Msimvue kaske kwa nguvu kama anapumua vizuri. Mlazeni juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kichwa kisichezecheze, mtafuteni mwenye gari.

NA KAMPUNI JE?

Tungekuwa waoga kama tungesema na mfanyakazi tu na kunyamaza mbele ya wakubwa wa kazi. Kwenye geti za machimbo mengi kuna ubao unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Mtu aliyekufa njiani, kilomita mbili toka geti, mara nyingi haandikwi pale. Ubao unaendelea kuhesabu, na mjane anahesabu vyake.

Sheria haioni hivyo. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya malinzi ya wafanyakazi inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa ajali ya kazi, kama mfanyakazi hakukatisha wala kupotosha njia kwa jambo lake mwenyewe. Soma vizuri maneno hayo ya mwisho. Ukipita kwanza baa na kukaa saa tatu, watoto wako wanaweza kukosa haki yao. Lakini kama ulikuwa njiani kweli, ajali iandikwe na itangazwe kwa Kasa ya Taifa, CNSS. Mwambie mke wako jambo hili leo, ungali mzima. Mwonyeshe mahali karatasi zako zinapokaa.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 nayo inataka kila mahali pa kazi pawe na Komite ya Usalama na Usafi. Delege wa wafanyakazi, hiyo ndiyo meza yako. Peleka pale maombi matatu. La kwanza: gari la kuwarudisha watu wa zamu ya usiku, maana usiku pikipiki ni hatari na mara nyingine imekatazwa. La pili: kaske za kweli za pikipiki ziuzwe kwa wafanyakazi kwa bei ya kununulia, zikatwe mshaharani kidogo kidogo. La tatu: wamotari wanaosubiri getini waandikwe, freni na taa zao zitazamwe na mafundi wetu mara moja kwa mwezi, bila malipo. Fundi wa kampuni anatazama kila gari kabla halijatoka. Je, ni kazi kubwa kutazama pikipiki ishirini zinazobeba watu wake?

Kampuni inaweza kujibu kwamba hayo yote yana bei. Yana bei, ni kweli. Lakini fundi mmoja wa kuchimba, aliyefundishwa miaka mingi, akivunjika uti wa mgongo, kampuni inapoteza kuliko bei ya kaske mia. Na hapo hatujasema bado juu ya mtu mwenyewe, wala nyumba yake.

WEWE, KESHO ASUBUHI

Komite itakaa wiki, mtaa utakaa mwezi. Usiwasubiri. Kesho asubuhi unaweza kufanya mambo manne bila ruhusa ya mtu yeyote. Chagua motari unayemjua, mwenye kaske mbili na freni zinazoshika, na umpe kazi kila siku: akikujua naye atakuchunga. Funga ukanda wa kidevu. Mwambie mapema: «Yaya, mimi sina haraka.» Na kama anakimbia mno, mguse begani, mwombe asimame, ushuke, umlipe mpaka pale ulipofika. Utachelewa robo saa. Kapita atakusema kidogo. Jioni utakula na watoto wako.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakujua pikipiki, lakini walijua njia za mawe za nchi hii.

KAWIA UFIKE. USALAMA HAUISHII GETINI.